Bukari Juu ya Batri

Mujukuu yangu anapima homa ya mashini na mugongo ya mukono. Batu banapita mu parcelle yetu, mu kiwanja ya nyumba, banamuona anafungua kifuniko ya tricycle yake, anaweka mugongo ya mukono pa batri, anafunga macho kidogo, na banacheka. Bacheke. Ile mi njo nilimufundisha. Si juu ya batri, hapana, mi sijue mambo ya batri. Nilimufundisha wakati ndugu yake mudogo alikuwa na malaria. Nilimuambia: ndani ya mukono inadanganya, sababu inashika mbabula ya makala, inashika sufuria, ilishazoea moto. Mugongo ya mukono haidanganye. Basi mutoto akachukua ile akili, akaipeleka ku mashini.

Ni tricycle ya magurudumu tatu, ya courant, ya umeme. Haina essence, haina moshi, haina sauti. Mbuzi haiisikie kufika, inabaki yenye kulala mu njia mpaka mutoto anashuka kuisukuma. Mbele kuna kiti ya shofele, nyuma kuna karoseri ya kubeba bitu na batu, na katikati, nyuma ya mugongo ya shofele, kuna kisanduku ya chuma, bapa sawa meza. Mule ndani njo batri inalala.

Sisi batu ya Kolwezi, hatuwezi kusema batri ni mugeni. Bwana yangu alitumika mu mine mpaka masikio yake ikajaa udongo. Mutoto yangu mwanaume, baba ya huyu binti, alikuwa creuseur, alichimba ile jiwe nyeusi yenye banasema inaenda kutengeneza batri kule mbali. Shimo ilimufunga wakati ya mvula. Sijue kama mu ile batri muko kajiwe yenye alitoa ye. Sitaki kujua. Siku tricycle ilifika kwetu, niliizunguka, nikaitazama muda murefu, halafu nikachukua kitambaa nikaipangusa vumbi. Kitu ilitoka hapa, ikaenda, ikarudi mu kisanduku yenye kufuli. Utafanya nini? Unaipangusa.

Kabla ya tricycle kufika, huyu mutoto alikuwa anasafisha mawe ku muto, pamoja na bamama bengine. Unasimama mu maji mpaka magoti, unainama, unatikisa karai, mawe inabaki, matope inaenda, unaanza tena. Ngozi yake ilipasuka katikati ya bidole. Ku miguu ikatoka bipele yenye dawa ya pharmacie haikuweza. Eko na miaka ya kuolewa, lakini mangaribi alikuwa anarudi na mugongo ya kambo, ya bibi muzee sawa mi. Mi nikimuona anashika kiuno kabla ya kukaa, nilikuwa naangalia upande ingine, sababu ile kushika kiuno ni yangu, si yake.

Mwenye tricycle ni tata moja, baba mwenye kuuza simenti ku soko. Kwanza aliipatia kijana mwanaume. Ule kijana, akirudi tu kutoka mu njia, anachomeka mu courant pale pale, saa sita, mu jua kali, batri ingali inachoma. Ikavimba sawa tumbo ya mbuzi yenye iliiba unga. Tata akanunua batri ingine na roho ya kuuma, akatafuta mutu mwenye akili nzuri, batu bakamuonyesha mujukuu yangu. Alikuja kwetu, akakaa, akamuambia mutoto:

"Mama, mi sisikilize sababu. Hii kitu inaogopa moto. Kama inajikata, inajizima mu njia sababu ya moto, hata mara moja, unaniletea funguo. Unarudi ku mawe yako."

Mi nilikuwa pale nachagua maharagi. Mawe yako! Sawa vile mutoto alizaliwa nayo. Ile neno ilinichoma, lakini ye akajibu tu, "Ndiyo, tata," akachukua funguo, akaifunga kamba, akaivaa ku shingo.

Kutoka siku ile, batri ikawa mutu mu nyumba yetu. Iko na mikazo sawa muzee. Baridi haipende, moto haipende. Mwezi ya sita, wakati Kolwezi inakuamsha na baridi na unapulizia bidole, asubuhi batri inakuwa nzito, na mutoto anaiacha jua iiguse kwanza, halafu anaanza kutembea pole. Lakini mwezi ya kumi, mbele ya mvula kuanguka, njo mubaya zaidi. Goudron, lami ya barabara, inalainika, unaacha sandali yako mule. Akirudi, anaweka tricycle chini ya muti ya avocat, ya parachichi, anafungua kifuniko, anakaa, anangojea. Haichomeke mpaka mukono yake imuambie inaweza.

Na we unajua courant ya kwetu. Inakuja saa inataka, inaenda saa inataka. Inaweza kufika saa ile ile batri ingali na moto. Mi nilikuwa napiga kelele kutoka ku jikoni:

"Mutoto! Courant inafika! Chomeka, itaenda!"

"Iende, kambo. Batri ingali inatoka jasho."

"Jasho! Na kesho utatembea na nini? Na maombi?"

"Nitatembea, kambo. Unga yako inaungua."

Na kweli unga ilikuwa inaungua.

Alinieleza kama mbele ya usukani kuna kakioo, na mu ile kakioo kuna alama ya homa. Batri ikipata moto kupita, alama inakuwa nyekundu, mashini inapoteza nguvu, inatembea sawa mugonjwa. Ukiendelea kuilazimisha, inajikata yenyewe, ili isiungue. Nikamuuliza: basi, kama kioo inasema, mukono ni ya nini? Akasema, "Kambo, kioo inasema wakati homa ilishafika. Mi nataka kuiona ingali mu njia." Hata dokta hakunijibu vile siku moja.

Sasa tufike ku kilio.

Ilikuwa mwezi ya kumi. Bwana ya mama moja wa kikundi yetu ya kanisa alikufa. Nyumba yabo iko upande ya barabara ya Mutshatsha, nyuma ya ile mulima ya udongo yenye mine ilimwanga. Mu kikundi yetu iko desturi: siku ya kuzika, mu nyumba ya kilio moto haiwake. Bamama njo banapika kwabo, banaleta. Na bukari, ile ugali yetu, inafika ya moto. Batu banatoka makaburi, roho iko baridi, mikono iko baridi, na we unabapatia bukari ya baridi? Ni sawa unabaambia, shida yenu si shida yetu.

Mi njo nilisimama mbele ya bamama nikasema: "Hatutalipa pikipiki ya mutu. Mujukuu yangu atatupeleka." Nilisema na kifua mbele. Nilitaka bamuone. Siku yote balikuwa banamuona ku muto na karai, bamuone sasa juu ya kiti.

Mama prezidante ya kikundi yetu ni mukubwa ya mwili, na sauti yake, akiita mutu hapa Kolwezi, bale ya Fungurume banaitika. Ye njo alipanga mizigo. Sombe, majani ya muhogo, hapa, maharagi pale, samaki ya kukauka mu beseni, masahani mu gunia. Bamama bakapanda, kila mutu na kitu pa magoti. Ikabaki bukari. Sufuria kubwa, yenye kufungwa mu bulangeti yake mwenyewe, bulangeti nzito ya mwezi ya sita. Akatafuta pa kuiweka. Akagusa kile kisanduku ya batri, na uso yake ikafunguka.

"Ah! Hapa kuna joto. Bukari italala vizuri."

Akaiweka. Sufuria ya moto, na bulangeti, juu kabisa ya batri.

"Mama," mutoto akasema, "pale..."

"Pale nini?"

"Pale ni batri, mama."

"Na mi nilisema ni nini? Inakula bukari?"

Bamama bakacheka. Mutoto akaniangalia. Mi nikatengeneza kitambaa yangu ya kichwa. Kwetu mutoto haambie mama ya kanisa, toa sufuria yako, na zaidi siku ya kilio. Akapanda ku kiti, tukaenda.

Jua ilikuwa inapiga sawa nyundo. Bamama banaimba nyimbo ya kilio, mi naimba nabo, lakini macho yangu iko ku mugongo ya mutoto. Mukono moja ku usukani. Mukono ingine inarudi nyuma, inagusa ubavu ya kisanduku, inaenda mbele. Inarudi tena. Kwanza alikuwa anasalimia batu mu njia. Halafu akaacha kusalimia. Shingo ikakauka. Na wakati tulifika chini ya mulima, pahali pa sawasawa, pembeni ya mama mwenye kuuza makala, akasimamisha.

"Bamama," akasema, "mushuke."

Nyimbo ikakatika.

"Inakufa?" moja akauliza.

"Haikufa, mama. Inataka kufa."

Mama prezidante akanyoosha shingo. "We mutoto. Unashusha bamama ya kilio mu jua? Mashini yako inapita mufu?"

Mutoto akashuka, akasimama mbele yake, na hakuinamisha uso.

"Munisamehe, mama. Bukari inachoma kutoka juu, batri inachoma kutoka chini, na bulangeti inafunga hewa. Tukipanda ile mulima vile tuko, itajikata katikati. Tutabaki kule juu, bukari itapoa, na mi nitarudi ku mawe."

"Kila mutu na mawe yake," mama prezidante akasema. "Endesha."

Bijana ya moto, bale ya pikipiki, bakapita, bakatuona tumesimama. Basipocheka, si bijana ya moto.

"Bakambo! Mashini inasinzia? Muipepee! Muipepee!"

"Mutuuzie chuma, tutengeneze mbabula!"

Nitasema kweli, mi kinywa yangu ilikuwa tayari imefunguka kusema, endesha, mutoto. Bamama bote bananiangalia mi, mwenye kifua mbele. Na huyu mutoto hakunibishia. Alichukua mukono yangu, pole, akaigeuza, akaweka mugongo ya mukono yangu ku ubavu ya kile kisanduku.

Niliitoa mbio.

Mi najua ile moto. Nilishaipakata. Nilishatembea nayo ku mugongo mpaka ku hospitali, na mutoto anaongea maneno yenye haina kichwa. Moto ya namna ile haingoje umalize sala.

Nikashuka. Goti yangu ya kushoto ni mubaya, kila mutu anajua, ilipiga kelele, nikashuka. Nikafungua kikwembe ya juu, kitenge ile ya kikundi yenye tunavaa siku kubwa. Nikamupatia mutoto ashikilie. Nikachukua kitambaa ya kichwa, nikaizungusha, nikafanya kata, nikaiweka.

"Muniinulie bukari."

"We mama, na ile goti?" mama prezidante akasema.

"Goti ni yangu. Bukari ni ya bote. Muniinulie."

Akaniangalia. Akaangalia mulima. Akapumua sawa ngombe.

"Toka pale. Utaanguka na unga ya kikundi."

Akashuka, karoseri yote ikapanda juu kwa kupumzika, akaninyang'anya ile kata ku kichwa, akajitwika sufuria na bulangeti yake mwenyewe. Bengine habakuwa na njia. Sombe ku kichwa, maharagi ku kichwa, beseni ya samaki ku kichwa. Tukapanda ule mulima kwa mustari, na batu bakatoa kofia, bakafikiri tunafuata sanduku ya mufu. Mama prezidante hakunyamaza hata kidogo. Alisemea bijana maneno ya hasira, alisemea jua, alisemea Bachina na Bazungu na bote benye banatengeneza bitu ya kuogopa bukari.

Juu kabisa niligeuka. Mutoto alikuwa amefungua kifuniko, ametundika kikwembe yangu ya kikundi sawa hema, na mama ya makala alimuazima kipepeo ya mbabula. Alikuwa anapepea. Maisha yangu yote nilipepea moto iwake. Ye alikuwa anapepea moto ipoe, peke yake, mu njia, na bijana banazunguka na kucheka. Nikasikia kitu mu kifua, na haikuwa kifua ya kujivunia. Ilikuwa huruma.

Ku kilio, batu balikuwa balisharudi kutoka makaburi. Tulifungua bulangeti, na mvuke ikatoka, nyeupe. Mama mwenye kufiwa hakuwa amekula kitu. Tukamunawisha mikono. Akakata kidogo, akafinyanga, akaishika tu mu bidole.

"Inachoma," akasema. Njo akalia vizuri, ile kulia ya kweli, yenye ilikuwa imekawia.

Mutoto alifika nyuma yetu, pole pole, karoseri bule, haina kitu. Akaweka mashini ku kivuli ya nyumba, akasalimia, akaenda kuosha masahani. Mama prezidante akapita karibu yake sawa mutu anaruka maji ya njia.

Kesho yake, tata ya simenti akafika. Mutoto alikuwa amerudi kutoka mu kazi ya asubuhi, tricycle ilishapumzika muda murefu chini ya avocat. Tata aliingia na miguu, jasho ku shingo, mukono imenyooka kabla ya salamu.

"Funguo."

"Tata, haikujikata."

"Bijana ya moto bote ya soko bananiambia bikongwe banapepea mashini yangu mu barabara ya Mutshatsha. Banapepea kitu yenye iko muzima?"

"Tata," mi nikasema, "sikiliza..."

"Mama, na heshima yote. We ni kambo yake. Kambo anaweza kusema nini?"

Na alikuwa na haki, njo ile iliniuma. Hata kama mutoto angechoma soko yote, mi ningesema ni umeme ya mvula. Mutoto akaingiza mukono mu shingo, akavuta kamba. Niliona bidole yake, ile ngozi ya katikati, ilikuwa inaanza kupona.

Saa ile ile mama prezidante akaingia mu parcelle. Alifuata bulangeti yake, sababu ilibaki mu tricycle wakati ya kurudi. Hakutazama mutoto. Akanisalimia mi, akasalimia tata.

"Mama," tata akasema, "jana ulikuwa mu hii mashini?"

Mi nikafunga macho.

"Nilikuwa! Na usiniulize, tata, sababu nitakasirika tena."

"Ilikufa mu njia?"

"Kufa? Kama ilikufa, mi ningenyamaza, kufa ni ya Mungu! Ilikuwa inatembea! Inatembea muzuri! Huyu mutoto, huyu, njo aliisimamisha chini ya mulima, akatushusha sawa mbuzi ya soko. Mi, prezidante! Na sufuria ku kichwa! Eti batri iko na homa!"

"Ilikuwa inatembea?"

"Nakuambia inatembea! Tunaimba! Na ye anasema, mushuke!"

"Na mulima, hamukuanza kuipanda?"

"Kuipanda na nini? Na miguu yetu!"

Tata akageuka, akaenda ku kisanduku, akafungua kifuniko, akaingiza mukono.

"Mugongo ya mukono, tata," nikasema. "Ndani inadanganya."

Akaniangalia, akageuza mukono. Akabaki vile muda kidogo. Akainama, akaangalia batri ubavu huu na ubavu ule. Ilikuwa bapa sawa siku ilinunuliwa. Akafunga kifuniko.

"Aliisimamisha ye mwenyewe," akasema, na sijue alikuwa anamuambia nani.

Funguo ilikuwa ingali mu mukono ya mutoto, na kamba yake inaning'inia. Tata hakuichukua. Hakuomba musamaha vilevile, mutu wa simenti haombe musamaha. Alisema tu, "Ile mulima, siku ingine unabeba nusu, unarudi kuchukua nusu." Mutoto akasema ndiyo, tata. Akavaa kamba ku shingo.

Tata akaweka sakoshi, mufuko yake, juu ya kisanduku, ili apanguse jasho.

"Toa pale!"

Akaruka. Mama prezidante alikuwa amenyoosha kidole.

"Mama?"

"Toa ile sakoshi. Pale habaweke kitu."

Akatoa. Mama prezidante akakunja bulangeti yake, akainusa, ilikuwa ingali na harufu ya bukari, akaibeba ku bega. Alifika ku mulango ya parcelle njo akasema, bila kugeuka:

"We mutoto. Siku ya Mungu unapita kunichukua, naenda ku kanisa. Nitakaa nyuma kabisa, mbali na ile mugonjwa yako."

"Ndiyo, mama."

Na saa ile courant ikarudi. Nilisikia radio ya jirani inaanza kulia. Nikafungua kinywa kupiga kelele, mutoto, chomeka, itaenda! Nikaifunga. Alikuwa amefungua kifuniko, amefunga macho kidogo. Alikuwa anapima kwanza.